Gauni Lililokuwa Jeupe

Vumilia mwanangu,

Sikuulizi hali, maana hali yako naijua. Nimetoka kukuona sasa hivi ukivuka barabara kwenda kuwaaga wenzako wa studio, umefunga kilemba changu bila kuomba. Nimeona nikae niandike kabla hujarudi. Karatasi hizi nimezichana kwenye daftari lako la Kidato cha Pili, zile kurasa za nyuma ambazo hukuzimaliza. Mwandiko wangu unaujua, mwandiko wa darasa la saba, usiucheke.

Mambo ya kula, ya baridi, ya kutompa mtu begi akushikie, hayo nimeyasema wiki nzima mpaka juzi ukaniambia, "Mama, nimeshika yote, naweza hata kukuimbia." Sitayarudia. Ninachotaka kuandika ni jambo lililonipiga tangu Jumamosi, na mpaka sasa sijakaa sawa. Umeniona nikimimina chai mpaka ikapita kikombe. Umeniona nikimpa mteja sweta alilokuja nalo mwilini na kulivua ajaribu jingine, nikamtajia na bei. Ukaniuliza kama naumwa. Siumwi, mwanangu. Nimeshtuka tu, na mshtuko wenyewe hautaki kutoka.

Halafu Jumapili ukaniomba picha. Ukasema, "Moja tu, mama, mimi na wewe, niende nayo." Nikakujibu kwamba mimi si mtu wa mapicha, na wewe unalijua hilo. Uliinama ukaendelea kumenya viazi, nami nikawa naangalia kisu chako kinavyokwenda taratibu kuliko mwanzo. Barua hii ni jibu la ombi lako. Ila jibu lenyewe liko mbali kidogo, nifuate polepole.

Unaikumbuka Jumamosi ile. Upepo wa Makambako ulikuwa umeamua kututoa kwenye meza yetu ya mitumba, mara manyunyu, mara vumbi, wateja hakuna. Ukasema chuoni watawauliza maana ya maneno ya kazi ya kupiga picha na yalikotoka, kwa hiyo mimi niwe mwalimu, wewe mwanafunzi. Nikashika henga nikajifanya mkali. Nikasema, "Eleza ekspoja," na neno lenyewe likanigonga meno, ukacheka mpaka yule jirani wa viatu akageuka.

Ukaeleza vizuri. Ukasema wapiga picha wa mwanzo kabisa hawakuwa na mkanda wala simu. Walikuwa na kibati kilichopakwa dawa, kinakaa gizani, na siku ya kupiga picha wanakifunua kikae wazi mbele ya mwanga, kama sisi tunavyoanika maharage kwenye turubai. Ukikianua mapema, picha haijaiva. Ukikisahau, imeungua. Na neno hilo la Kiingereza ukasema maana yake ni hiyo tu, kuweka kitu wazi, kisifunikwe. Ukasema mlango wa mwanga zamani ulikuwa kifuniko cha lensi, mpiga picha anakivua kwa mkono kama mtu anavyovua kofia, anahesabu moyoni, anakirudisha. Baadaye wakabuni kijilango cha kujifungua chenyewe, wakakipa jina la zile mbao za kufungia dirisha, ndiyo shata.

Stopu ndiyo niliyoipenda. Kwamba walikuwa na vibati vyembamba, kila kimoja kimetobolewa tundu lake, wanavichomeka kwenye lensi ili kuzuia mwanga usipite wote. Kuzuia ndiyo kustopu. Vibati vimekwisha siku nyingi, sasa kuna kitundu kinachojibana na kujiachia humo humo ndani, lakini jina limebaki. Ukifungua stopu moja mwanga unaongezeka mara mbili, ukifunga moja unabaki nusu. Nikakuuliza kwa nini hawakubadilisha jina kama vibati havipo tena. Ukaniambia, "Mama, hata sisi tunasema kusafisha picha. Siku hizi nani anasafisha?" Mwalimu akainamisha henga.

Ukamalizia na aiso. Kwamba zamani kila kiwanda kilikuwa na namba zake za kuonyesha mkanda una ukali gani wa kunasa mwanga, mpaka wanaopanga vipimo vya dunia nzima wakakubaliana namba moja, ikaitwa kwa jina lao. Na jina lao wanasema walilitoa kwenye Kigiriki, maana yake sawasawa.

Ningekuachia hapo ungekuwa umefaulu. Lakini mwalimu alitaka sifa. Nikasema, "Maneno matupu. Onyesha."

Basi ukachukua sweta lile jeupe lenye vifungo vya lulu, ambalo halinunuliki kwa sababu ya vumbi la hapa, ukaliweka mbele ya ile kamera uliyopewa studio likajaa lote. Ukapiga. Ukachukua sweta jeusi, ukapiga. Ukaniita nione. Nikaona masweta mawili ya rangi ya majivu.

Nikasema kamera yako mbovu, warudishie wenyewe kabla hujaondoka nayo.

"Si mbovu, mama. Nimeiacha kwenye otomatiki, ijipimie mwanga yenyewe," ulisema. "Kipimo chake hakijui kinaangalia nini. Kimefundishwa kwamba dunia yote ukiichanganya ni kijivu. Ukikiwekea kitu cheupe kinadhani mwanga umezidi, kinabana. Cheupe kinakuwa majivu. Na ukimweka mtu mweusi katikati ya weupe, anazama."

"Anazama vipi?"

"Uso unapotea, mama. Panabaki shimo."

Mteja akaja, ukamfuata. Mimi nikabaki na sweta mkononi. Kama uliendelea kueleza, sikusikia.

Sasa nikuambie nisichowahi kukuambia.

Siku ya kipaimara changu nilikuwa na miaka kumi na saba, na wewe ulikuwa tumboni mwezi wa pili, na aliyejua ni mimi peke yangu. Baba yako alikuwa amekwenda na gari la mbao na hajarudi hadi leo, hilo unalijua. Gauni hatukuwa nalo. Bibi yako akaliomba kwa mdogo wake kule Ipelele, likaja na shela lake, limekunjwa kwenye gazeti, limekaa sandukuni mpaka limeanza kuwa la njano. Bibi akalifua mara tatu. Mara ya mwisho akalisuuza kwa maji ya bluu, akalianika kwenye mianzi nyuma ya nyumba, akakaa chini yake kulinda kuku wasilirukie. Lilipokauka lilikuwa linaumiza macho. Nasema kweli, lilikuwa jeupe kuliko yote siku ile, na mimi ni mweusi kama unavyoniona, weusi wa babu yako wa Mlangali, kwa hiyo lilinikaa.

Kanisa letu, lile la upande wa Njombe, liko mgongoni mwa kilima, bonde chini. Ibada ilipoisha ukungu ulikuwa bado haujaja, na mpiga picha, kijana wa Makambako aliyeitwa Lameki, akawapanga wasichana mmoja mmoja mbele ya ukuta wa matofali. Mimi kichefuchefu kilinishika. Nikazunguka nyuma kwenye miti ya miwati, nikatapika nimeshika gauni juu lisichafuke. Nilipotoka, ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni na jua likawa linawaka juu yake, hata kutazama ilibidi mtu akunje uso. Ukutani wamejaa wazazi na watoto wanagombania nafasi. Lameki akaniona akasema, "Simama hapo hapo, binti, tusicheleweshane." Nikasimama mgongo kwenye bonde. Akapiga mara moja, akaenda kwa wengine.

Jumapili ya pili yake akaja na picha, zikapangwa kwenye benchi nje ya kanisa kila mtu achukue yake. Wenzangu wote walikuwa na nyuso. Yangu ilikuwa gauni la rangi ya majivu, shela la rangi ya majivu, na mahali pa uso hapana kitu. Shimo, Vumilia. Neno lako lile lile.

Kulikuwa na mama mmoja wa kwaya, sauti yake imezoea kusikika. Akaiinua juu watu waone.

"Huyu Bwana hakumpokea," alisema. "Na gauni la watu amelichafua."

Wachache walicheka. Wengi walinyamaza, na kunyamaza kwao ndiko kulikoniuma. Bibi yako alimnyang'anya ile picha, akaisokomeza kwenye khanga, tukashuka kilima. Hakuniuliza kitu njia nzima. Alikuwa anarudia jambo moja tu, kama anamwambia mtu mwingine aliye mbele yetu: "Nililifua mimi. Mara tatu. Nililifua."

Tumbo lilipoanza kuonekana hakuna aliyeshangaa. Walisema picha ilishatangulia kusema. Gauni liliporudi Ipelele, nilisikia lilipokelewa kwa vidole viwili. Nawe ulipozaliwa bibi akakupa jina lako, akasema ndicho kitu tulichobakiwa nacho.

Nisikufiche, sikuwa mtu asiye na kosa. Nilipiga magoti madhabahuni nikiwa najua na nikanyamaza. Hilo ni langu, nimelitubu, na mchungaji alinirudisha kundini wewe ukiwa unaanza kusimama dede. Kosa hilo nililibeba na nikalitua. Ila picha sikuitua. Niliamini. Walivyoamini wao, mimi niliamini zaidi yao. Nilijua moyoni kwamba Mungu aliniangalia siku ile akaufuta uso wangu, akawaacha wenzangu.

Sasa anza kuhesabu mambo yangu mwenyewe, maana hata wewe uliyakuta bila kuelezwa. Kitambulisho changu, kile chenye plasta, nilikuambia picha ilichubuka. Haikuchubuka. Niliibandika plasta siku niliyopewa, kabla sijaiangalia, na kila afisa anayeniambia niitoe namwambia inaumwa, anacheka ananipitisha. Picha ya kipaimara chako wewe: mjomba upande huu, bibi upande huu, na kati yako na bibi nafasi ya mtu mmoja imebaki wazi. Nilisema naenda kukoroga wali. Wali ulikuwa umeshapakuliwa, mwanangu. Nilisimama jikoni nimeshika mwiko mkavu mpaka niliposikia mmetawanyika.

Na lile kofi. Ulikuwa Kidato cha Pili, umeazima simu ya mwenzako, ukanipiga picha mezani nikiwa nacheka na jirani. Nikakuchapa mbele za watu na nikaifuta picha. Uliniuliza jioni, "Mama, nilikosa nini?" Nikakuambia unajua mwenyewe. Hukujua. Usingeweza kujua, kwa sababu kosa halikuwepo. Bibi aliniambia siku ile kwamba nakupiga kwa fimbo ya watu wengine. Sikumwelewa. Leo namwelewa na hayupo.

Jumamosi jioni ulipokwenda kuchota maji, nilitoa lile kopo la maziwa ninaloweka sindano. Chini kabisa, chini ya vifungo, ndipo ilipokaa miaka yote. Nikaiangalia kwa mara ya kwanza tangu uzaliwe. Sikuangalia uso. Niliangalia gauni. Majivu. Majivu yale yale ya sweta lako. Bonde nyuma yangu, ukungu ule uliokuwa ukiumiza macho, nao majivu. Niliketi sakafuni. Uliporudi na ndoo nikakuambia nilikuwa natafuta uzi.

Utaniuliza kwa nini Jumapili nilikukatalia picha kama nilikuwa nimeshaona. Macho yalikuwa yameona, lakini moyo ulikuwa bado uko kule kwenye benchi. Mtu hawezi kuhama nyumba aliyokaa miaka kumi na minane kwa siku moja.

Jana, Jumanne, nilikuaga naenda Njombe kufuata mzigo. Sikufuata mzigo. Nilimfuata Lameki. Niliulizia wapiga picha wa zamani, wakanielekeza, siku hizi anachonga funguo kwenye kibanda kidogo nyuma ya soko. Nywele zimekuwa nyeupe. "Kamwene," nikamwamkia, akaitikia, akanipa kigoda. Hakunikumbuka. Nikampa picha. Akavaa miwani, akaigeuza kwenye mwanga, akatabasamu, Vumilia, kama mtu aliyekutana na mbuzi wake aliyepotea.

"Ah, ile siku ya ukungu," alisema. "Niliacha kamera kwenye otomatiki, ikadanganywa na weupe. Ningefungua stopu mbili ungetoka safi kabisa."

Nikamuuliza alijua lini.

"Siku zilipotoka kusafishwa. Niliiona tu nikajua."

"Na ukaileta hivyo hivyo."

"Nilidhani mtasema nirudie," alisema. "Hakuna aliyeniuliza, mama."

Nilimweleza basi. Yule mama wa kwaya, gauni, bibi yako, yote, nimekaa kwenye kigoda chake na mashine yake inanguruma mpaka akaizima. Si mtu mbaya. Alisema hakujua kama yalisemwa hayo, yeye aliacha picha akaondoka. Akauliza kama mtoto alizaliwa salama. Nikasema alizaliwa salama, ni msichana, Alhamisi anaondoka kwenda kusoma. Akauliza kusomea nini. Nikamwambia, "Kazi yako."

Akavua miwani akawa anaifuta na shati, anaifuta tu, hata nilipoaga alikuwa bado anaifuta.

Kutoka Njombe mpaka hapa sikumbuki hata mti mmoja. Nilikuwa nasema stopu mbili, stopu mbili, na aliyekaa pembeni yangu akadhani nataka kushuka. Yaani kidole cha mtu kingegeuza kitu kidogo mara mbili. Kibati tu, na hata kibati chenyewe hakipo siku hizi. Na mimi nikakijengea nyumba nikaingia ndani na wewe nikakuingiza. Bibi yako amelala mwaka wa pili sasa kaburini, na alikwenda akiamini mikono yake ilishindwa na gauni moja. Hilo ndilo sijui nilipeleke wapi. Jana hiyo hiyo niliporudi nilikwenda mpaka nyuma ya nyumba nikalisema kwa sauti, kwamba lilikuwa jeupe, mama, ulilifua, lilikuwa jeupe. Kama jirani alinisikia, shauri yake.

Hasira ninayo, lakini kila nikitaka kumpa Lameki yote, inarudi kwangu. Hakuna aliyemuuliza, ni kweli. Na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa na picha miaka yote hiyo, na hapa Makambako napita mbele ya studio kila siku, na mtoto wangu mwenyewe anafanya kazi ndani ya studio, na sikuwahi kutoa picha ile nikasema, hii imekuwaje? Niliogopa jibu nililokuwa nalo tayari.

Kwa hiyo huko uendako sina mengi. Utakosea picha za watu, kila fundi anakosea. Ukiikosea, waambie siku ile ile kwamba ni wewe, usiiweke kwenye benchi ukaondoka. Na ukimwona mtu amepokea picha yake akaikunja bila kusema neno, mfuate. Pengine hana tatizo, atakushangaa tu. Mfuate hata hivyo.

Naona giza linaanza kuingia na wewe hujarudi, nadhani wamekuwekea soda. Barua hii naiweka ndani ya kiatu chako cha safari, cha kulia, maana huwezi kutoka bila kukivaa, na nataka uisome kabla hatujafunga mlango. Picha yenyewe nimeikunjia humu. Ichukue. Waonyeshe walimu wako, waambie ni mama yangu huyo, na uwaambie kamera ilikuwa kwenye otomatiki.

Sweta lile jeupe nimeliondoa mezani. Nimelifua jana na kulisuuza kwa bluu, liko nyuma ya mlango. Asubuhi kutakuwa na ukungu, hapa mwezi huu haukosekani. Nitalivaa. Usiniambie nibadilishe, wala usinisogeze kwenye ukuta wa matofali. Nitasimama pale pale penye weupe, karibu na miti, mgongo wangu kwenye ukungu. Uliniambia kamera yako inaweza kujipiga yenyewe, inahesabu kumi kwanza. Iweke juu ya lile pipa la maji. Fungua stopu mbili, uzione kwa macho yako ni mbili, halafu uje mbio usimame hapa kushoto kwangu.

Sitafumba macho.

Mama yako